Talaka Aliyoiomba Kazija

— Posa nimeipokea. Ijumaa unaolewa na Pandu, alisema Hija akivua viatu mlangoni.

— Kaka, mbona miye hukuniuliza?

— Mwanamke aliyeachika aulizwe nini?

Kazija akaingia chumbani. Kweli aliachika, lakini talaka aliiomba mwenyewe. Mwaka wa hamsini na saba, siasa za vyama zilipoingia kijijini Kengeja, kaka yake huyu alimjia kila siku na neno lile lile: mumeo yuko chama cha wapinzani wetu, huwezi kukaa naye. Mwisho Kazija akayabeba maneno hayo mpaka kwa mumewe aliyeitwa Mmanga, seremala asiyepata hata siku moja kumpandishia sauti. Mmanga akamwandikia kikaratasi: "Nimekuacha talaka moja, kama ulivyotaka. Sina kinyongo." Akahamia mjini Chake.

Miaka miwili sasa. Jirani akipiga randa, Kazija huacha chungu motoni akasimama kusikiliza. Kitanda anacholalia alikichonga Mmanga, na hapo hapo kitandani ndipo alipomtamkia, "Niandikie talaka yangu."

Kesho yake asubuhi alipanda gari la abiria hadi Chake, akaifuata karakana ya Mmanga.

— Hodi!

Mmanga akainua kichwa, randa ikasimama katikati ya ubao.

— Karibu, Bi Kazija. Kwema huko?

— Kwema. Nimekuja kuomba radhi. Nilikutamkia maneno ya mtu mwingine, na moyo wangu ukijua si yangu.

— Nilikusamehe siku ile ile.

— Miye sijajisamehe. Na keshokutwa wananioza kwa Pandu.

— Umeridhia?

— Ningeridhia ningekuwa hapa?

Mmanga akajipangusa vumbi la mbao, polepole.

— Sijaoa, Kazija, wala si kwa kukosa mke. Lakini safari hii usije kwangu kwa neno la mtu, hata langu. Kajibu mwenyewe.

Ijumaa, baada ya sala, Shehe Jaribu alifika na Pandu na mashahidi kufungisha ndoa. Akauliza nje ya pazia alikokaa Kazija:

— Kazija binti Silima, umeridhia kaka yako akuoze kwa Pandu?

— Sikuridhia.

Hija akaruka.

— Unanitia aibu mbele za watu!

— Aibu ni siku niliyovunja nyumba yangu ili nikufurahishe wewe. Mume ninayemtaka ni Mmanga.

— Yule wa chama kile?

— Hija, akasema Shehe, chama hakimo katika masharti ya ndoa. Ukimzuia, kadhi atamwoza.

Pandu naye akasimama.

— Miye sioi mwanamke asiyenitaka. Mpe haki yake, yakhe.

Hija akakaa chini, kichwa mikononi.

— Tangu Mmanga aondoke hujacheka humu ndani, alisema taratibu. Niliona. Nikajitia upofu. Nisamehe, dada yangu.

Ijumaa ya pili, msikiti ulijaa watu wa vyama vyote viwili. Hija akakamatana mkono na Mmanga:

— Nimekuoza dada yangu Kazija kwa mahari mliyopatana.

— Nimekubali kumuoa! akajibu Mmanga, mpaka walio barazani wakasikia.

Habari ilipofika nyumbani, vigelegele vikapasuka. Kazija akainuka na kuelekea mlangoni. Shangazi yake, Bimkubwa, akamdaka kanga.

— Wee! Bibi harusi hatoki nje!

— Huyu anatoka, shangazi.

Akatoka, uso wazi, akicheka, kwenda kumpokea mumewe njiani.