Vidole Vinne

Haya yalimkuta mume wa shoga yangu, mnyapara wa machimbo ya almasi. Shimo liliporomoka, likamfunika mchimbaji aliyeitwa Vidole Vinne tangu winchi ilipomla kidole kimoja. Huko chini akawa anagonga: ko, ko, ko.

"Mnyapara, tumfukue, yu hai!" wachimbaji wenzake wakasihi.

"Hayo mawe yanajipanga tu. Fukieni, kazi isilale."

Wakafukia, huku kukigongwa.

Siku ya tatu mnyapara akaingia peke yake chumba cha meza ya grisi, ambako changarawe huoshwa, mawe mengine yakateleza na maji, almasi ikanata kwenye grisi. Chumba hakina dirisha. Mara umeme ukakatika, maji yakanyamaza. Gizani, chini ya meza: ko, ko, ko.

"Nani?"

Kitu baridi kikamgusa kisogoni. Akatoka mbio hadi nyumbani.

"Baba watoto, leo umekumbatiwa na fundi gari?" mkewe akamtania, akimwonyesha kwa kioo alama ya kiganja cha grisi, vidole vinne.

Shoga yangu kaisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka. Haitoki. Na kila asubuhi vile vidole vimesogea kidogo, kuelekea kooni.