Wachovu wa Barabara ya Kanga

Magharibi ilikuwa inakaribia, chumvi ikaniishia jikoni. Nikajitanda kanga, nikatoka kwenda dukani kwa Taufiki. Nisikufiche, chumvi ningeweza kuazima kwa jirani. Lakini maneno ya kijiji chetu, Kanga, yote hupikwa kwa Taufiki, na siku hiyo yalikuwa bado yanatokota: yule Mzungu wa Kilindoni, Gireti, amepata mwenzi wa kupanda naye baiskeli.

Na mwenzi mwenyewe ni Chiku. Chiku mtoto wa marehemu mdogo wangu! Ninalala naye nyumba moja, nimemlea mie tangu hajaota meno, halafu habari zake naletewa na watu.

Huyo Gireti kwao Ubelgiji. Aliletwa kisiwani kwetu Mafia kwa kazi ya mwani, kuwafundisha kinamama namna ya kuukausha usioze. Kazi yake haikumpa shida. Shida yake ilikuwa baiskeli. Kwao, alisema, yeye na rafiki zake walikuwa wakiondoka kundi zima, siku nenda siku rudi. Hawaendi sokoni, hawabebi nazi, hawaendi kumzika mtu. Wanatembea tu. Wakiona kivuli wanashuka, wanakula, wanacheka, wanapanda tena. Pole pole.

Huku akatafuta watu wa namna hiyo akawakosa. Wazungu wenzake, mmoja alisema jua kali, mwingine akataka mashindano, akamwacha nyuma kwenye vumbi. Wenyeji ndio usiseme.

"Baiskeli bila mzigo?" wanawake walimcheka. "Huyu kaachwa huyu, anatafuta pa kupeleka mawazo."

Naye anacheka nao, maskini, hajui anachekwa yeye. Kila mtu alimjua kwa jina, kila mtu alimwamkia. Hata mie kila aliponiona, shikamoo Bi Hamisa, na kichwa anainamisha. Upweke ulikuwa umemtoa macho.

Lakini kicheko cha wenyeji kilikuwa na la chini yake. Barabara ya Kirongwe kuja Kanga, jioni, haiendwi pole pole.

Usije ukadhani nakusimulia majini. Jini ana mbio. Hawa wetu ni wachovu, ndivyo tunavyowaita. Ni watu walioishiwa nguvu njiani enzi za mababu, hakuna aliyewabeba, wakafia kandokando ya barabara. Hawana ugomvi na mtu. Wanataka kukaa tu. Ukipita kasi hawakuwezi. Ukipita kivivu, mmoja anakuja anakaa kwenye keria. Humwoni. Unaona pedeli imekuwa nzito, na pua inapata harufu ya nguo iliyolala na jasho.

Ndiyo maana kila nyumba ya Kanga iliyo karibu na barabara ina mgomba mmoja ambao ndizi zake haziliwi. Ukifika, kabla gurudumu halijaingia chini ya upenu, unainua baiskeli kwa nyuma, unaibwaga chini, unauonyesha mgomba kwa kidole: "Kwangu mwisho. Mteremkie huyu." Asubuhi unaukuta mgomba umelala. Unang'oa, unapanda mwingine, maisha yanaendelea. Watoto wetu hujifunza hilo kabla hawajajua kupiga kengele.

Gireti hakuambiwa. Nani amwambie? Mgeni ukimweleza hayo ataandika kitabu.

"Shikamoo, Bi Hamisa," Taufiki akaniambia nilipofika dukani, meno yote nje. "Mwanao leo mtalii! Wametoka Kilindoni asubuhi, yeye na Mzungu wake."

"Marahaba. Wamefika wapi?"

"Bodaboda kawapita sasa hivi bondeni, njia ya Kirongwe. Wamesimama wanapiga picha maua."

"Bondeni? Saa hizi?"

"Na mwendo wenyewe, bibi, konokono angewapigia honi."

Sikununua chumvi.

Nilirudi nyumbani nusu natembea nusu nakimbia, nikasimama uani. Jua limeshazama. Kuku wamepanda juu. Nikasikiliza.

Krii...

Krii...

Keria. Sauti ya keria iliyobebeshwa.

Gireti alitangulia, uso mwekundu kama pilipili, anatabasamu. Yeye nyuma ya baiskeli yake alikuwa amefunga mabegi, yamebanana, hapana hata pa kukalia kuku. Chiku alikuja nyuma. Keria yake tupu. Nakwambia tupu, macho yangu yaliona. Lakini tairi zilikuwa zimelala chini mpaka chuma kinagusa mchanga, na mchanga unachimbika mfereji.

"Shikamoo, Bi Hamisa!" Gireti akasema. "Chiku amechoka. Nafikiri tairi imetoboka."

"Marahaba, mwanangu. Maji yale kwenye mtungi, kanywe."

Akaenda kwenye mtungi. Chiku akanitazama. Midomo imepauka kama aliyekula majivu.

"Mama mkubwa..." akanong'ona. "Wengi."

"Wangapi?"

"Sijui. Wanakaa juu ya wenzao."

Ile harufu ikanifikia. Uani kwangu mwenyewe.

"Bwaga!" nikamwambia.

Akainua kwa tabu, kama anayeinua gunia la saruji. Akabwaga. "Kwangu mwisho. Mteremkie huyu." Na mgomba haukungoja asubuhi. Paa! Ukaanguka pale pale.

Krii... keria bado inalia.

Akaonyesha mgomba wa pili, wa kula, wenye mkungu umekomaa. Paa! Wa tatu. Paa! Migomba ikaisha uani.

Krii...

Msikitini mwadhini akaanza. Na adhana ya magharibi ikiisha mchovu hajateremshwa, ndiyo basi tena, kesha kuwa mwenyeji.

"Taja kilicho hai," nikamnong'oneza. "Haraka, mwanangu."

Chiku akageuza macho kwa mbuzi wangu, kamba shingoni, anatafuna.

"Mbuzi hapana!" nikasema. "Ana mimba huyo, weye!"

"Sasa nani, Mama mkubwa? Nani?"

Sikumtajia mtu. Nilitazama mtungini tu.

Gireti alikuwa ametupa mgongo, kata ya maji mkononi, anajimwagia shingoni, anaimba wimbo wa kwao kwa sauti ndogo.

Chiku akainua baiskeli. Machozi yanamtoka. Akabwaga.

"Kwangu mwisho. Mteremkieni Gireti."

Adhana haijaisha.

Kisha tairi za Chiku zikaanza kujaa zenyewe, taratibu, kama unga wa maandazi uliotiwa hamira. Na kule mtungini kata ikaanguka ikapasuka. Mabega ya Gireti yakashuka. Yakashuka tena. Magoti yakampinda. Akashika ukingo wa mtungi, akacheka.

"Oo! Miguu imekuwa mizito ghafla."

"Ni safari," nikamwambia. "Ukisimama ndiyo inakukuta."

Walikuwa wamekubaliana na Chiku kwamba alale kwetu. Akaniuliza kwa adabu, naye anahema. Nikamwambia nyumba imejaa. Vyumba vitatu, watu wawili! Akapepesa macho. Akamtazama Chiku. Chiku akawa anaangalia mnyororo wa baiskeli, kama una la kumwambia.

"Sawa," Gireti akasema. "Kijiji cha Bweni si mbali. Nitakwenda pole pole."

"Ndiyo," nikasema. "Pole pole."

Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona. Alipofika pale niliona anageuza uso kushoto, kama mtu aliyesemeshwa. Kisha kulia. Akajibu kitu.

Watu wa Bweni walisema alipita kwao anazungumza, anacheka, hakusimama. Wanaapa walisikia wanaomwitikia. Baada ya hapo hakuonekana. Baiskeli yake ilikutwa Ras Mkumbi, imeegeshwa ukutani kwenye mnara wa taa, tairi zimepasuka zote mbili, chuma kimepinda kama kilipitiwa na lori. Mabegi hayajaguswa. Baharini walimtafuta, porini walimtafuta, hata kiatu hawakupata. Wakaja wakubwa kuniuliza. Nikawaambia nilimpa maji, akanywa, akaaga. Kuna uongo hapo?

Chiku hakula. Nikamwambia, mwanangu, wewe uko hai, kula. Akala. Nikamwambia panda baiskeli uende shamba, watu wasianze kusema. Akapanda. Na mbio alizokuwa akipita nazo bondeni sasa, ungedhani anakimbizwa na moto wa nyika.

Jioni moja nikamsikia anakuja. Nilikuwa mlangoni nachambua mchele. Pedeli zinalia kwa kasi, kokoto zinaruka... na katikati ya kasi ile yote nikasikia kitu ambacho mtu wa kasi hapaswi kuwa nacho.

Krii...

Akaingia uani. Tairi zimelala. Mgomba mpya tulikuwa tumeshaupanda, umeshika vizuri. Akainua, akabwaga. "Kwangu mwisho! Mteremkie huyu!"

Mgomba ukasimama. Hata jani halikutikisika.

Akabwaga tena. Ukasimama.

Sasa sikiliza. Mie nimezaliwa Kanga, nimezeekea Kanga, na wachovu ni wa tangu babu zetu. Hawasemi. Hakuna aliyewahi kumsikia mchovu akisema neno, kwa sababu hawatujui sisi ni nani. Kwao mgongo ni mgongo, mgomba ni mgomba.

"Shikamoo, Bi Hamisa."

Ilitoka kwenye keria. Keria tupu. Kwa Kiswahili kile kile cha kujifunza, kila neno limewekwa mahali pake kwa uangalifu.

Sikuitikia. Ungo ulinitoka mkononi, mchele ukamwagika wote.

Chiku akabwaga mara nyingine, nguvu zimemwishia. "Mteremkie mwingine!" akalia. "Nakuomba, shoga yangu, mteremkie mwingine!"

Ile sauti ikamjibu chini chini, bila hasira, karibu kabisa na sikio lake. Niliona nywele za Chiku zikipeperuka kwa pumzi yake.

"Mwingine nani, Chiku? Mimi hapa sina mwingine."

Mwadhini akaanza.

"Mama mkubwa!" Chiku akaiachia baiskeli. Haikuanguka. Ilibaki imesimama yenyewe. Akanikimbilia. "Mama mkubwa, nipokee!"

Nami nilikuwa karibu na mlango kuliko yeye.

Nikaingia. Nikatia komeo.

Alipiga mbao kwa viganja mpaka adhana ikaisha. Kisha akaacha. Nikasikia keria ikilia, gurudumu likazunguka, baiskeli ikaondoka upande wa Bweni, taratibu, na sauti mbili zinazungumza. Moja ilikuwa inalia. Walipofika kwenye kona, zote mbili zilikuwa zinacheka.

Watu wakiniuliza Chiku yuko wapi, nawaambia kaenda kutembea na rafiki yake. Hawaulizi mara ya pili. Ila siku hizi Kanga milango inafungwa mapema, jua likiwa bado juu ya minazi. Na shikamoo ikisikika kutoka barabarani wakati wa magharibi, kwa jina lako, kwa adabu zote, hakuna mkubwa hata mmoja anayeiitikia.