Walimkamata Mama Badala ya Mwana

Asubuhi hiyo Mama Nosa alikuwa akikaanga akara, bagia za kunde, mbele ya nyumba yake, mjini Benin. Wateja walisubiri, mikate mikononi. Mumewe alikuwa akipanga vyuma vyake vya kuchomelea. Gari la polisi likasimama.

"Nosa yuko wapi?" askari mmoja aliuliza.

"Mwanangu kaenda Auchi, kwenye mazishi. Kuna nini?"

"Jenereta ya mteja imepotea kwenye karakana ya mwanao. Mwite."

Mama Nosa alipiga simu. Haikupatikana.

"Basi twende na wewe. Akija, tutakuachia."

"Mimi? Kwani nimeiba mimi?"

"Mama, usitupotezee muda."

Walimshika mkono mbele ya wateja wake, wakamsukuma ndani ya gari. Mafuta yalibaki yakichemka.

Baba Nosa aliwafuata mbio hadi kituoni. Askari wa mapokezi hakumtazama hata usoni. "Mlete mwanao, umchukue mkeo," alisema.

Nyumbani, Ehizele, mdogo wa Baba Nosa, alimshauri. "Kaka, tuwapelekee chochote, yaishe."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa la kumzaa Nosa. Utafanyaje? Ndivyo wanavyofanya siku zote."

Mchana alipita jirani yao, Profesa Uwaila Erhabor. Mama huyu alikuwa akifundisha sheria chuo kikuu tangu Nosa hajazaliwa. Vilevile alikuwa wakili. Asubuhi darasani, mchana mahakamani. Maprofesa wenzake walimcheka. "Mtu mwenye cheo chako unagombana na makarani wa mahakama?" Yeye aliwajibu, "Sheria isiyotoka darasani inamsaidia nani?"

Siku hiyo alitoka mahakamani, joho jeusi mkononi.

"Baba Nosa, mbona mmekaa kama mmefiwa?"

Baba Nosa alimweleza.

"Hebu rudia. Wamemkamata nani?"

"Mke wangu."

"Kwa kosa la nani?"

"La Nosa. Yaani, wao wanasema ni la Nosa."

Profesa alilitupa joho kwenye kiti cha nyuma cha gari lake. "Panda!"

Njiani alieleza kwa sauti ya hasira. "Sheria ya nchi yetu inakataza. Polisi hawaruhusiwi kumkamata mama kwa ajili ya mwana, wala mke kwa ajili ya mume, wala ndugu kwa ndugu. Kila mtu anajibu kosa lake mwenyewe."

"Mbona basi wanafanya?"

"Kwa sababu tunanyamaza."

Kituoni, mkuu wa kituo, Afande Aigbogun, alisimama akitabasamu. "Mwalimu wangu! Karibu ukae."

"Sikai. Si ulisoma sheria kwangu, masomo ya jioni?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Inasemaje kuhusu kumkamata mtu badala ya mtu mwingine?"

Afande alitazama chini.

"Sema, wenzako wasikie."

"Hairuhusiwi."

"Na mama huyu anafanya nini humo ndani?"

"Profesa, kazini si kama darasani. Ukimshika mama, mtoto anakuja mwenyewe."

"Mama wa watu umemfanya chambo? Asiyejua ningemweleza. Wewe unajua! Ulifaulu somo langu! Nilikufundisha ili uwalinde watu hawa, na wewe unawafungia ndani!"

Afande aliagiza mlango ufunguliwe.

Mama Nosa alitoka bila viatu, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Askari wa mapokezi akanong'ona, "Na hela ya dhamana je?"

"Dhamana haiuzwi," alisema Profesa. "Na huyu hahitaji hata dhamana. Hajashtakiwa kwa lolote."

"Basi apitie mlango wa nyuma. Mbele kuna watu wengi."

Mama Nosa akageuka. "Mliniingiza kwa mbele. Natoka kwa mbele."

Akapita katikati yao, akiwa ameinua kichwa.

Nosa aliporudi aliogopa. "Nikimbilie Lagos, mama?"

"Ukikimbia, unawapa sababu," Profesa alimwambia. "Tunakwenda kituoni pamoja. Una haki ya kutoa maelezo wakili wako akiwepo. Usiseme uongo, na usitie sahihi usichokisoma."

Walikwenda. Nosa alieleza yote. Kabla wiki haijaisha, jenereta ilionekana shambani kwa shemeji wa yule mteja. Kumbe shemeji huyo ndiye aliyeichukua bila kumwambia mtu.

Wengi walidhani yameisha. Lakini Profesa alifungua kesi mahakama kuu dhidi ya polisi. Wenzake chuoni walishangaa. "Kwa ajili ya muuza akara?"

"Ndiyo, kwa ajili yake!"

Mahakama iliamua kwamba haki ya Mama Nosa ilivunjwa. Polisi wamlipe fidia na wamwombe radhi. Wakili wao alileta tangazo dogo la radhi lililotoka gazetini. Mama Nosa alilisoma polepole, akalirudisha.

"Walinidhalilisha gazetini? Walinidhalilisha hapa. Waje hapa."

Afande Aigbogun alikuja Jumamosi asubuhi. Wateja walikuwa wamejaa. Aliomba radhi kwa sauti ndogo.

"Wa nyuma hawajasikia," alisema Mama Nosa.

Afande akarudia kwa sauti kubwa.

Lakini Profesa hakufurahi sana. "Nimewafundisha mawakili na maofisa miaka yote hii," aliwaambia majirani. "Nyinyi ninaokula akara pamoja nanyi sikuwafundisha." Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, aliketi nao uani, akawaeleza haki zao. Walimwuliza maswali mengi kuliko wanafunzi wake.

Miezi michache baadaye gari la polisi lilirudi mtaani. Safari hii walimtaka mume wa Esosa, mshona nguo. Hawakumkuta. Askari mmoja akamshika Esosa mkono.

"Mwache!" Mama Nosa alivuka barabara. Ehizele akatoka. Wanawake wakatoka majumbani, mmoja baada ya mwingine.

"Mnamtaka mume, mtafuteni mume. Huyu kafanya nini?" alisema Mama Nosa.

Askari alitazama huku na huku. "Nani kawaambia mambo haya?"

"Sheria," alijibu Esosa, akauvuta mkono wake.