Barua ya Maji ya Kisima

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alifagia nyumba kisha akachemsha maji ya kunywa. Jina hilo alipewa na wenzake darasani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini wiki ile alikuwa kimya kama maji mtungini, na aliyemnyamazisha alikuwa mama yake mzazi.

Mama alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Kisima kipya kilipochimbwa, watu walimuuliza mkutanoni kama maji yake yamepimwa.

"Yamepimwa, ni salama," alijibu. Wakapiga makofi, kwa maana hakuwahi kuwadanganya.

Kesho yake Chiriku alitafuta kalamu kwenye mkoba wa mama, akakuta barua kutoka maabara. Ilisema maji yale yana vijidudu, yasinywewe bila kuchemshwa. Tarehe yake ilikuwa siku mbili kabla ya mkutano.

Mama alimkuta nayo mkononi. Akafunga mlango.

"Diwani anakuja Jumamosi kuzindua kisima. Amesema tusubiri uzinduzi upite, dawa itatiwa baadaye. Sisi tutachemsha yetu. Ukifungua mdomo, mwanangu, mimi kazi sina."

Tangu hapo nyumba ikawa finyu. Dirisha la jikoni lilifungwa kila sufuria ilipowekwa motoni, majirani wasije wakahoji. Chiriku alitokwa na jasho ndani ya mvuke, huku akisikia ndoo zikigongana kisimani na watu wakicheka.

Njiani, rafiki yake, binti wa fundi cherehani, alimnyooshea chupa. "Onja! Ya baridi hiyo!"

"Sina kiu."

"Siku hizi una nini? Au nawe umekuwa mheshimiwa?"

Chiriku alijilazimisha kucheka. Akisema, anamwangusha mama. Asiposema, je? Alimtazama rafiki yake akimaliza chupa nzima.

Alhamisi kiti cha rafiki yake kilikuwa kitupu. Jioni fundi cherehani alibisha hodi kwao, futi ya kupimia nguo ingali shingoni.

"Mwenyekiti, binti yangu amelazwa, anaharisha. Wauguzi wanasema ni maji ya kisima. Nimewabishia! Nimewaambia haiwezekani, mwenyekiti wetu ametuhakikishia."

Mama alimvutia fundi kiti.

"Mama, mwambie," Chiriku alisema. "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Mama akachukua mkoba, akamkabidhi fundi barua. Fundi aliisoma mara mbili.

"Kumbe ningechemsha tu," alisema taratibu. "Ningechemsha tu, mwenyekiti."

Jioni ile ile mama aliufunga mkono wa pampu ya kisima kwa mnyororo, akaita watu, akakiri yote. Walimfokea, naye hakujitetea. Uzinduzi ukavunjika. Badala ya diwani, Jumamosi walikuja wataalamu wa maji, wakakitia kisima dawa. Binti wa fundi aliruhusiwa kurudi nyumbani, amekonda lakini mzima, naye Chiriku alimwomba radhi huku akilia.

Baada ya wiki mbili ilikuja barua nyingine. Mama aliisoma mkutanoni: maji sasa ni salama. Hakuna aliyepiga makofi. Fundi alinyoosha mkono. "Lete tusome wenyewe." Barua ikapita mkono hadi mkono, hadi safu ya mwisho.

Chiriku aliona aibu. Walipofika nyumbani akauliza, "Mama, leo umesema kweli. Mbona hawakukuamini?"

Mama alikaa kitini, akavua viatu.

"Kura zilinipa cheo, mwanangu, lakini imani yao ndiyo iliyonipa sauti. Kiongozi akiwadanganya watu mara moja, hata kweli yake hudaiwa shahidi. Nitawaonyesha kila karatasi mpaka waniamini tena. Wakichoka nami, wachague mwingine, ni haki yao." Akamshika bega. "Na jambo linalogusa uhai wa watu usilifiche tena, hata anayekuziba mdomo akiwa mimi."