Bibi wa Kununuliwa

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa tisa mchana, mzee Heladio alionja mole yake, akaweka kijiko chini, akasema, "Otilia, mwanangu, leo chumvi umesahau."

Otilia alitoka jikoni akijifuta mikono. Katika mkahawa wake wa chakula cha jimbo la Oaxaca, mtaa wa Narvarte, jijini Mexico, hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Watu walivuka jiji zima kuifuata ile mole nyeusi, mchuzi mzito wa pilipili zilizochomwa hadi zikakaribia kuwa makaa, ufuta na chokoleti, vyote vikisagwa kwenye jiwe. Akachovya kidole katika sahani ya baba yake. Hamna chumvi. Hamna pilipili, hamna harufu. Ilikuwa kama kulamba udongo. Akarudi mbio jikoni kuonja sufuriani: mole ilikuwa kali, ina chumvi yake, haina kasoro.

"Ulimi wa mzee umestaafu," alisema Nabor, mhudumu wa makamo ambaye kunyamaza hakujui.

"Na wangu je? Nao umestaafu?"

Nabor akacheka, lakini hakuigusa ile sahani.

Meza ya mzee ilikuwa chini ya madhabahu ya wafu. Kwetu kila nyumba huipamba mwanzoni mwa Novemba kwa mishumaa, maua ya manjano, mkate na picha za marehemu, na siku ya pili, kengele za adhuhuri zikilia, marehemu huagwa mmoja mmoja kwa jina lake, wakarudi walikotoka. Otilia hakumuaga mtu. Madhabahu aliiacha mwaka mzima kwa sababu wageni walipenda kuipiga picha. Na katikati alitundika picha kubwa ya mwanamke wa zamani, nywele zimesukwa kwa utepe, macho yanakufuata hata ukihama kiti.

"Huyu ni bibi yangu," aliwaambia wageni kila siku. "Ndiye aliyenifundisha mole."

Ulikuwa uongo. Picha aliinunua soko la Jumapili la vitu vikuukuu. Bibi yake wa kweli, Paciana, alikuwa na jicho moja na kovu la moto shavuni, na picha yake pekee ni ile ndogo ya kitambulisho ambayo mzee Heladio, mwanawe, aliitunza ndani ya pochi. Otilia aliona aibu kuiweka mbele ya watu wa mjini. Nami nisijitoe: nilikula pale, nikamtazama yule wa ukutani, nikamwambia Otilia wamefanana. Mungu anisamehe.

Kufikia Pasaka mzee Heladio alikuwa anakula sahani mbili, lakini anakonda tu, na mshipi wake umeongezwa matundu matatu ya kuukaza. Daktari alimpima asione kitu. Otilia akamlisha jikoni, akamlisha nyumbani, mambo yaleyale: chakula kikifika mbele ya mzee tu, harufu inakatika, kama mshumaa uliopulizwa. Badala yake ilikuja harufu ya maua ya manjano, mabichi, yenye umande, na kule madhabahuni maua yalikuwa ya karatasi.

Kisha ikaja sauti. Kijiko kikikwangua sahani tupu, kwaru, kwaru, upande wa pili wa meza, kwenye kiti asichokalia mtu.

"Baba," Otilia alinong'ona, "unasikia?"

"Nasikia. Ni mama anakula."

"Mama gani?"

"Si wewe uliyemleta? Ananiita mwanangu. Anasema mama lazima amwonjee mtoto kwanza." Mzee akatabasamu, meno yakionekana marefu kwa jinsi mashavu yalivyobonyea. "Ila anaonja sana, Otilia. Hanibakizii."

Kesho yake Nabor alimleta mama Cenobia, mwanamke anayeongoza rozari za maiti mtaani kwao. Alifika kabla ya adhuhuri, akasimama mbele ya picha, rozari mkononi.

"Huyu nani?"

"Bibi yangu," Otilia akajibu, ulimi ushazoea.

Kwaru, kwaru.

Nabor akajipiga ishara ya msalaba mara mbili. Mama Cenobia hakugeuka. "Sema tena, binti, ila sasa unasema mbele ya Mungu."

Otilia akaanza kulia. "Nilimnunua."

"Jina lake?"

"Silijui."

"Basi siwezi kumuaga. Nitamwitaje?" Alisema polepole, kama anayeogopa kusikika. "Huyu hakuwa na mtu wa kumlilia. Wewe ukamwita bibi, kila siku, kwa sauti. Amepata mjukuu, amepata mwana, aende wapi? Umkane palepale ulipomkiri, watu wakisikia. Ukichelewa, baba yako humwoni Jumapili."

"Wateja watanicheka, mama."

"Watacheka. Kisha watakwenda kwao."

Saa tisa meza zote zilijaa. Otilia alisimama katikati, aproni ingali na madoa, na alipofungua kinywa harufu ya maua ilipanda ikajaa ukumbi mpaka wageni wakaanza kukohoa, na kijiko kikakwangua, si kimoja tena, vijiko vya meza zote vikikwangua ingawa hakuna mkono ulioshika hata kimoja, na macho ya yule wa ukutani yakamtazama yeye peke yake, si kwa hasira, bali kama anavyotazama mama anayeona mtoto wake anafunga virago, na Otilia akapiga kelele, "Si bibi yangu! Nilidanganya! Bibi yangu ni Paciana, alikuwa na jicho moja, mole ni yake, nami nilimwonea haya!"

Vijiko vikatulia.

Mtu mmoja akacheka kweli, mwingine akaita alipe aondoke. Mzee Heladio akatoa pochi, akaisimamisha ile picha ndogo juu ya meza, akachota mole.

"Mwanangu," akasema, machozi yanamtoka. "Leo chumvi umezidisha."

"Tuichome hiyo picha," Nabor akasema.

"Mwache," mama Cenobia akamkatiza. "Amekukosea nini? Mliomwita ni nyinyi. Mrudisheni mlikomtoa, na tumwombee."

Jumapili Otilia aliibeba imefungwa kwa gazeti hadi sokoni. Muuzaji aliifungua, akatikisa kichwa. "Huyu! Nyinyi wenye mikahawa hamkai naye. Kila mwaka ananirudia."

Kabla hajamjibu, binti mmoja na mumewe walikuwa wameshaishika. Walikuwa wakifungua mkahawa wa chakula cha jimbo la Yucatán, walisema, na ukuta wao ulikuwa mtupu.

"Angalia uso huu," binti akasema. "Wageni watampenda."

Otilia akamshika mkono. "Binti, nakuomba. Mnunue ukitaka, ila usimwite bibi."

Binti alimtazama kama anavyotazamwa kichaa wa sokoni. Kisha akacheka, akaipakata picha kifuani kama mtoto.

"Mbona? Amekosa nini?" Akainamisha kichwa kwenye kioo cha picha. "Twende nyumbani, bibi."

Na ile harufu ya maua mabichi, ambayo Otilia hakuwa ameisikia tangu siku ile mkahawani, ikampita ubavuni, ikawafuata.