Mzigo Umefika, Mimi Bado

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Mtu asikudanganye kwamba bundi alilia au paka mweusi alikatiza njia. Jua lilikuwa linawaka, na Mdogo, jirani yangu tunayegawana naye ukuta, alikuwa nje anaosha pikipiki huku akiimba vibaya kama kawaida yake. Mkewe alikuwa mlangoni, anamwambia maneno yake ya kila siku: "Wahi, lakini ufike." Haya ninayosimulia nimeyapata kwa huyo mkewe, na ni mwanamke asiyejua kuongeza chumvi hata kwenye mboga.

Tulimwita Mdogo kwa sababu kulikuwa na mkubwa. Kaka yake tulimwita Chapchap. Chapchap alikuwa anapeleka mizigo ya zile programu za kwenye simu: unaagiza mkate, dawa, viatu, chochote, dereva anakuletea mpaka mlangoni, na wewe unamwona kwenye ramani akija kama kidoti cha kijani. Nyota alizopewa na wateja zilikuwa kamili. Hakuwahi kuchelewa. Akifika kwa mteja hugonga na kusema, "Mzigo umefika, na mimi nimefika," halafu hucheka peke yake. Siku moja ya mvua kubwa, kwenye kona ya kituo cha mafuta kilichofungwa, lori likampitia. Mzigo wa siku ile haukufika, wala yeye.

Mdogo naye alikuwa dereva, ila kampuni ilikuwa imemfungia akaunti kwa kuchelewachelewa. Sasa kukaa nyumbani bila kazi, na mtoto ana pumu, si mchezo. Basi shemeji yake, mjane wa Chapchap, akafungua kabati akatoa simu ya marehemu.

"Chukua, shemeji," alimwambia. "Nyota zake zisiozee humu. Picha ni yake, sawa, lakini nani anaangalia sura ya dereva?"

Wanaofanya hivyo ni wengi, kuendesha kwa akaunti ya mwenzao. Ila wenzao huwa hai.

Alipomaliza kuosha pikipiki, Mdogo akaiwasha ile simu. Programu haikumpa kazi. Ilimpa swali, ambalo lilikuwa linasubiri tangu siku ya ile mvua: "Umefika salama?" Chini kulikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Bado. Kampuni huwauliza madereva hivyo kila mwisho wa safari, na usipojibu huendi mbele. Mdogo alisita. Alimkumbuka kaka yake, machozi yakamlenga. Kisha akasema, "Nisamehe, kaka, nina shida ya kazi," akabonyeza Ndiyo.

Oda ya kwanza ilikuwa mkate na maziwa, kwa fundi cherehani anayekaa ghorofa ya juu. Mdogo aliitia begini, akapanda ngazi akihema, akagonga. Fundi alifungua huku anatafuna.

"Tena?" aliuliza. "Si mwenzako ameleta sasa hivi?"

Mdogo akacheka, akajua anataniwa. Akashusha begi lake la mgongoni, akalifungua. Lilikuwa tupu. Chini kulikuwa na maji yametuama, na angani hapakuwa na hata wingu.

"Ameleta nani, mama?"

"Huyu wa kwenye picha." Fundi alimwonyesha simu yake, na Chapchap alikuwa anatabasamu pale kwenye kioo. "Helmeti hakuvua, lakini nimemwona. Amelowa, maskini! Nimempa taulo akakataa. Kasema, 'Mzigo umefika, mimi bado.' Sasa ndio utani gani huo?"

Mdogo alishuka zile ngazi akishika ukuta. Alijiambia kuna tapeli mjini. Alijiambia amelala vibaya. Akapokea oda ya pili, mashine ya kunyolea ya kinyozi mmoja, akaifunga begini kwa kamba na mafundo. Alipofika kwa kinyozi, mashine ilikuwa tayari inanguruma kichwani mwa mteja. Mafundo ya begi yalikuwa vilevile.

"Mwambie yule mwenzako aende hospitali," kinyozi alisema kwa sauti ya chini. "Mkono wake ulikuwa wa baridi mno."

Hapo Mdogo ndipo alipoitazama ramani. Yeye alikuwa amesimama nje kwa kinyozi. Kidoti cha kijani, ambacho ndicho yeye, kilikuwa kimeshafika mwisho wa mtaa, kinamsubiri. Akaamua kuzima simu, liwalo na liwe. Kidole kilikuwa kwenye kitufe mkewe alipompigia kwenye simu yake nyingine.

"Baba, mtoto kifua kimembana. Dawa yake ya kuvuta imeisha. Nimeagiza kwenye programu maana kumwacha peke yake siwezi. Imekuangukia wewe?"

Simu ya kaka yake ikatetemeka mkononi. Oda mpya. Duka la dawa lililo jirani na pale. Anwani ya nyumbani kwake.

"Imeniangukia," alisema. "Nakuja."

"Wahi," mkewe alisema. Safari hii hakumalizia maneno yake.

Mdogo aliichukua dawa, hakuiweka begini. Aliisokomeza kifuani, ndani ya koti, akapandisha zipu mpaka kidevuni. Njiani alikuwa anabishana na nafsi yake. Kaka ni damu yangu, hawezi kumdhuru mwanangu. Sawa, lakini kaka tulimzika. Akakaza mwendo. Alitaka kufika kabla ya yule mwingine, hata kwa kupepesa jicho tu.

Njia ya kwao ilipita kwenye ile kona.

Jua lilikuwa linawaka barabara nzima. Kwenye kona kulikuwa na mvua. Pale tu. Akaingia ndani yake, na pikipiki ikadidimia nyuma, kama inavyodidimia abiria anapopanda. Hakugeuka. Mikono ikamzunguka kiunoni. Ilikuwa imelowa. Ilikuwa inamfahamu.

"Taratibu, mdogo wangu," sauti ilinong'ona kisogoni. "Hapa panateleza."

Mkono mmoja ukapanda. Ukapita kwenye zipu bila kuifungua. Ukagusa kifua chake, ukatoka.

Kisha pikipiki ikawa nyepesi. Jua likarudi. Mdogo akapapasa koti huku analia kwa sauti, mtu mzima yule. Dawa haikuwepo.

Alipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa ameegemea ukuta wa chumbani, viganja mdomoni.

"Nilidhani ni wewe," alinong'ona. "Amenipa dawa, nimempa mtoto, amepata pumzi. Ndipo nikaona viatu, vya kaka yako."

Mtoto alikuwa amelala ukingoni kabisa mwa kitanda, dawa mkononi. Kifua kilikuwa kimefunguka. Lakini upande wa pili wa kitanda, ambako hapakuwa na mtu, godoro lilikuwa limebonyea, na shuka lilikuwa linatiririsha maji sakafuni.

"Baba, usipige kelele," mtoto alisema. "Baba mkubwa amechoka sana. Nimempisha alale."

"Amesemaje?"

"Amesema mzigo umefika, na yeye amefika. Hapa ndipo kwake sasa."

Midomo ya mtoto ilikuwa inageuka rangi. Alikuwa anatetemeka, na nywele zake zilikuwa zinaanza kulowa, taratibu, kutoka upande ule. Simu ikatetemeka. Swali lilelile: "Umefika salama?"

Mdogo alielewa kwamba anayeulizwa ni kaka yake, na kwamba asubuhi alikuwa amemjibia uongo.

"Mjibie ukweli," mkewe alisema.

"Ni kaka yangu. Amemletea mwanangu dawa. Nikisema bado, anarudi kwenye mvua ile."

"Najua," mkewe alisema, naye analia. "Na huyu ni mwanao."

Mdogo alipiga magoti kando ya lile bonde la godoro. Mkewe aliniambia kwamba alimwomba radhi kama mtu anavyomwomba aliye hai, kwa jina lake la utotoni, akamshukuru kwa dawa na kwa kumwonya pale konani. Kisha akabonyeza Bado.

Godoro likapanda polepole. Nyayo za maji zikavuka chumba, zikaenda mlangoni. Pale zikasimama. Zilisimama muda mrefu, mkewe anasema, kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakuna aliyeita. Nje pikipiki ya Mdogo ikanguruma, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Sauti ikaenda ikapotea kwa mbali, lakini pikipiki yenyewe haikusogea.

Simu ile ilirudishwa kwa mjane, naye akaizika makaburini. Mdogo sasa anauza matairi. Mtoto amekua, anapumua vizuri.

Lakini njooni kwetu siku yoyote mvua ikinyesha, mtazame kizingiti chao. Kuna alama ya kiatu kilicholowa. Kimoja tu, ncha imeelekea ndani. Mama wa mtoto hupiga deki, huirudia, huwa kazi bure. Alama huondoka pale tu mtoto anapoinama mlangoni, akaweka kiganja juu yake, na kunong'ona kwa upole: "Bado, baba mkubwa. Bado."