Kopo Dogo la Mjomba Girum

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Tirsit aliosha Lada, teksi ya baba yake. Alitumia ndoo moja tu, kwa sababu maji ya bomba pale Gulele, mtaani kwao Addis, hayaji kila siku, na tambaa moja ambalo zamani lilikuwa shati. Baba yake, Mengesha, alisimama mlangoni akipiga mswaki na kumkagua.

"Na hapo chini ya taa umemwachia nani?"

"Panabanduka, Baba. Nikisugua, rangi inatoka na tambaa."

Kweli ilikuwa inabanduka. Teksi ile ya bluu na nyeupe ilimzidi umri mama yake Tirsit, na upande mmoja bati tupu lilikuwa limeanza kuonekana. Wakaguzi wa magari walikuwa wamempa Mengesha hadi Jumatatu: teksi iwe na rangi kamili, la sivyo isionekane barabarani. Teksi hiyo ndiyo iliyowalisha. Kwa hiyo Jumamosi ilipofika Mengesha hakwenda kazini, na ua wao ukageuka gereji.

Mjomba Girum, kaka wa mama, alifika mapema akiwa na kompresa ya kuazima, mashine ya hewa ya kupulizia rangi, juu ya mkokoteni. Alikuwa fundi rangi kwa miaka kumi na mitano na hakupenda mtu asahau jambo hilo. Alifunika vioo kwa magazeti, kisha yeye na Mengesha wakakizungushia kibanda cha gari turubai za plastiki toka juu hadi chini, ili vumbi lisipate pa kupenya. Hewa nayo haikupata pa kupenya, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

Makopo yalikuwa mawili: kubwa la rangi, na dogo la kikaushio, ile dawa inayochanganywa na rangi ili ikauke upesi na kuwa ngumu. Tirsit aliliokota lile dogo, akaligeuza. Ubavuni palikuwa na mchoro uliozungushiwa mistari myekundu. Ulionyesha mtu kuanzia kichwani hadi kifuani, na katikati ya kifua kulikuwa na kitu kama kioo kilichopasuka.

"Mjomba, hii picha inasemaje?"

"Inasema weka chini kopo la watu."

"Lakini ni kifua, kimepasuka."

"Tirsit, wewe uko darasa la saba. Mimi nimeanza kupuliza rangi wewe hujazaliwa." Girum akakipokea kikombe kikubwa cha maziwa alichomwagiza mama amletee. "Dawa ya kifua ni hii hapa. Maziwa yanaikamata rangi yote, inatoka nayo. Fundi asiyekunywa maziwa, rangi inalala kifuani mwake. Muulize fundi yeyote Addis hii."

Alikunywa kikombe chote bila kupumzika, kisha akakohoa.

"Katikati ya mfungo mkuu, Girum?" mama aliuliza. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika Pasaka, na katika nyumba ile hakuna aliyegusa nyama wala maziwa tangu mfungo uanze.

"Mungu anaijua kazi yangu."

"Na tumbo lako analijua pia."

Mengesha alicheka, lakini Girum alipomsogezea kikombe cha pili alikirudisha. "Mfungo huu sijawahi kuuvunja tangu nikiwa mtoto. Sitauvunja leo kwa ajili ya gari. Shemeji atapuliza, mimi nitamshikia mpira wa kompresa. Nitajifunga kitambaa puani, yatosha."

Katika maneno yote hayo Tirsit alibaki na moja tu: rangi inalala kifuani. Alikwenda jikoni kumkorogea baba yake beso, unga wa shayiri iliyokaangwa unaotiwa maji na sukari, kinywaji cha watu waliofunga. Beso haionyeshi kilichomo. Na kile kikombe cha maziwa kilichokataliwa kilikuwa pale pale juu ya rafu.

Aliangalia mlangoni. Mama alikuwa uani. Akamimina, akakoroga mpaka mkono ukamuuma.

Mengesha aliinywa yote, akafuta masharubu. "Leo umeikoroga vizuri, mwanangu."

Tirsit alikipokea kikombe kitupu. Aliona aibu, na pia alipata nafuu, lakini aibu ilikuwa kubwa zaidi.

Wanaume wawili wakaingia nyuma ya plastiki na kompresa ikaanza kunguruma. Harufu kali yenye utamu wa ajabu ilifika hadi jikoni, macho yakawasha. Ilipopita nusu saa, kompresa ilikuwa bado inanguruma lakini mlio wa kupuliza ulikuwa umekatika. Kilichosikika ni kikohozi. Halafu turubai ikafunuka kwa nguvu na Mengesha akatoka akimburuta Girum kwa makwapa.

Uso wa mjomba ulikuwa wa kijivu. Kila alipovuta hewa, kifua kilitoa mlio kama filimbi, na mabega yalipanda juu bila hewa kuingia. Alimwangalia Tirsit kwa macho ya mtu anayezama.

"Mwite Sista Etagegn," baba alisema. "Kimbia."

Sista Etagegn, muuguzi wa kituo cha afya, alikaa nyumba ya tatu. Alikuja na kanga begani, viatu viwili visivyofanana. Hakuuliza mengi. Alimkalisha Girum wima, akamfungua vifungo vya ovaroli iliyojaa rangi, akasema, "Oksijeni, sasa hivi. Gari liko wapi?"

Gari lilikuwa moja tu. Mengesha alirarua magazeti kwenye kioo cha mbele, wakampakia Girum, na Lada ikatoka getini rangi ikiwa bado mbichi, vumbi la barabarani likiifuata.

Mengesha alirudi peke yake saa saba. "Wamemwekea hewa, anapumua," alimwambia mama. "Sista amebaki naye." Kisha akaizunguka Lada. Vumbi lilikuwa limeganda ubavu mzima. Akachukua msasa na kuanza kusugua. Alipomaliza, alilichukua lile kopo dogo na kulitikisa. Lilikuwa limebaki nusu.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

"Kompresa inarudi jioni. Kesho Jumapili, sifanyi kazi. Jumatatu ni ukaguzi. Nina saa nne."

"Hujamwona kaka yangu?"

"Girum kifua chake kibovu tangu zamani. Na mfungo ameuvunja." Mengesha alikuwa anajifunga kitambaa, na sauti yake ikatoka nzito ndani ya kitambaa hicho. "Mimi wangu sijauvunja. Mungu atanilinda."

Alishika turubai. Tirsit alikuwa amesimama kati yake na kibanda. Aliitandaza mikono yake.

"Pisha, Tirsit."

"Umeuvunja, Baba."

"Nini?"

"Mfungo. Nilitia maziwa kwenye beso yako asubuhi. Niliogopa rangi italala kifuani." Alianza kulia lakini hakuondoka mlangoni. "Na Mjomba alikunywa kikombe kizima. Maziwa hayajamsaidia kitu. Usiingie, tafadhali. Nipige, lakini usiingie."

Mengesha alikifungua kitambaa polepole. Hakumpiga. Alilifunika kopo dogo, akaliweka chini, akaenda kukaa kwenye ngazi huku amewapa mgongo. Alikaa pale muda mrefu, na Tirsit aliona mgongo huo ni mbaya kuliko kofi.

Hivyo ndivyo Sista Etagegn alivyowakuta.

"Girum atapona, lakini kikaushio asikiguse tena maisha yake," alisema. Aliliinua lile kopo na kuusoma ubavu wake. "Nani aliiona picha hii?"

"Mimi," Tirsit alisema.

"Basi uliona vizuri. Maziwa yanakwenda tumboni. Ukungu wa rangi unakwenda kwenye mapafu, na hizo ni njia mbili tofauti. Rangi yenye kikaushio hiki hupulizwa kwenye chumba maalumu, na fundi anavuta hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kitambaa hakizuii kitu. Na mtu anaweza kuivuta miaka kumi na mitano asisikie lolote, halafu siku moja kifua kinafunga. Nyumbani hii haipulizwi, Mengesha. Tafuta ya kopo moja, isiyohitaji kikaushio. Na hiyo pia si maji ya kunywa: ipulizie nje penye hewa, uvae barakoa yenye vichujio vyake, jiko lizimwe, na watoto wawe mbali."

Jumatatu Mengesha alikwenda kwa wakaguzi kuomba muda. Walimpa siku kumi, na siku hizo zote Lada ilikaa uani. Nyumbani walikula shiro, mchuzi wa unga wa dengu, asubuhi na jioni.

Alipokwenda dukani kununua rangi nyingine alimchukua Tirsit. Muuzaji aliweka makopo matatu juu ya meza akisifu la kwanza kwamba linang'aa kuliko yote. Mengesha hakumsikiliza. "Soma," alimwambia bintiye. Tirsit alisoma ubavu wa kila kopo, neno kwa neno. Mawili yalihitaji kikaushio, wakayarudisha. La tatu halikuhitaji.

"Hilo halitang'aa sana," muuzaji alionya.

"Nabeba abiria," Mengesha alisema, "sibebi bibi harusi."

Mengesha alibeba kopo mpaka walipokaribia getini. Hapo akasimama.

"Yale maziwa nimekwisha kumweleza padri wangu. Hayo yamekwisha. Lakini sikiliza. Siku ile ungeniambia asubuhi kwamba unaogopa, ningekasirika, labda ningekufukuza jikoni. Ukanyamaza. Nikaingia mle ndani nikitegemea mfungo wangu, wewe ukitegemea maziwa yako, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Kosa lako lilikuwa hapo. Kunificha hakukunilinda hata kidogo. Kilichoniokoa ni pale uliposimama mlangoni ukaniambia ukweli, na huku unalia." Alimshika bega. "Ukiniogopea tena, niambie usoni. Nikipiga kelele, niambie mara ya pili."